Langoni, Lamu: mtembezaji mlipe asubuhi, jioni jiachieni wenyewe

Watu wengi wakija Lamu hulipia ile ziara ya mji wa kale, masaa mawili matatu hivi, mnapitishwa Mkomani kwenye majumba makubwa, mnapiga picha milango ya nakshi, mnaingizwa ngomeni, basi mnarudishwa pwani mnaambiwa ndio Lamu hiyo mmeiona. Mimi na khalati yangu, dada yake mama, tulilipia hiyo hiyo na ntaitolea nyota zake hapa chini, lakini rivyu yangu hasa ni ya Langoni, manake huko ndiko siku yetu ilikokwenda kuishia na wallahi huko ndiko nlikoona kuwa sikupoteza nauli.

Kwa ambaye hajafika: ngome iko katikati, ukiipa pwani mgongo basi mkono wa kulia ni Mkomani, mkono wa kushoto ni Langoni. Mkomani ni nyumba za mawe za ghorofa za wenyeji wa tangu na tangu, kuta ndefu, vichochoro vya kivuli, kimya mpaka unasikia kandambili zako mwenyewe. Langoni ni maduka, mafundi, vyuo vya Qur'ani, watoto, mikokoteni, punda wamebeba mchanga, kila mtu ana shughuli yake. UNESCO ilipouweka mji wa kale kwenye orodha ya urithi wa dunia 2001 haikusema tuhifadhi milango peke yake, watu wanaoishi humo nao ni sehemu ya hiyo habari, lakini ukienda na watembezaji wengi utadhani mji ni milango tu.

Haya tuanze na mtembezaji. Tulitafutiwa na nyumba ya wageni tuliyofikia, kijana mstaarabu, saa mbili kamili asubuhi yuko mlangoni, kofia safi, anamsalimia khalati kwa heshima zote, "sabalkheri mama, mmelalaje, mbu hawajawasumbua?" Hapo alishampata khalati moja kwa moja. Na kazi yake anaijua, sitamnyima haki yake. Pale Mkomani alituingiza kwenye nyumba moja akatueleza kwa nini vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba vile, kumbe dari inashikwa na boriti za mikoko na mkoko haukupi mti mrefu wa kutosha, basi upana wa chumba unafuata urefu wa boriti, ukitaka nafasi zaidi unaongeza chumba kingine nyuma yake, halafu kingine tena. Mie nimezaliwa Mombasa, boriti nimeziona tangu mtoto, na hilo sijawahi kuelezwa na mtu. Pia alituonyesha wikio, vile vyumba vinavyokwenda juu ya njia kutoka nyumba hii mpaka ya pili, ambavyo wanawake walikuwa wanapita kutembeleana bila kushuka chini njiani. Khalati akasema hiyo ndiyo aitakayo yeye kwake, amtembelee dada yake bila kuvaa buibui, tukacheka.

Ngome nayo ni lazima, usiambiwe na mtu eti ruka. Ilimalizwa 1821 na baadaye ikageuzwa jela, na ikabaki jela mpaka 1984, kwa hiyo wazee wengi wa mji wanaikumbuka vizuri ikiwa na wafungwa ndani. Sahii ni makumbusho, na ukipanda juu unapata upepo na unauona uwanja wa Mkunguni wote chini yako, wazee vibarazani, bao linachezwa, wabeba mizigo wanapumzika kwenye kivuli cha miti. Mie ningekaa pale juu saa nzima lakini mtembezaji alishaanza kuangalia simu.

Na hapo ndipo nyota moja ilipokatika. Tulipotoka ngomeni nkamuuliza haya sasa tunaingia Langoni? Akanambia "dada huko hakuna mengi, ni maduka tu," halafu akatugeuza kutupeleka kwenye duka la vinyago na vikoi la mtu anayejuana naye, ambako bei ilikuwa si bei, ni vitisho. Kikoi ambacho Mombasa nanunua bila kufikiria mara mbili pale kilitajwa kwa pesa ya kuagiza samaki wa watu wanne. Khalati akamwangalia muuzaji, akaangalia kikoi, akasema "mwanangu mimi si mzungu, ni mama yako," akatoka. Tukamlipa mtembezaji haki yake tuliyokubaliana, tukamshukuru, tukamuaga. Simtaji wala nyumba ya wageni siitaji, kwa sababu ukiuliza watu waliokwenda Lamu wengi watakupa hadithi ile ile na duka tofauti, si yeye peke yake.

Basi tukaingia Langoni wenyewe tukifuata Usita wa Mui, ndiyo njia kuu ya ndani, inakwenda sambamba na pwani na haupotei, ukihisi umepotea shuka tu mteremko wowote utatokea baharini. Hiyo ndiyo raha ya Lamu, ramani ya simu haina kazi. Kwanza soko, liko ubavuni mwa ngome kabisa: mboga, nazi, maembe, ndimu, na upande wa samaki ambako paka wa Lamu wamejipanga kwa subira kuliko wateja. Ukitaka kuona samaki wazuri wahi asubuhi, ikifika saa tano hivi vizuri vimeshaondoka unabakia kuchagua kilichobaki.

Kisha unaingia kwenye ule msongamano wenyewe. Njia ni nyembamba, maduka pande zote mbili, cherehani zinalia, mtu anauza betri na nyavu na unga na sabuni kwenye chumba kimoja kisichozidi upana wa mlango wake, na katikati ya hayo yote anakuja punda na magunia, nyuma yake kijana anapiga kelele "pisha pisha!" na utapisha, utajibana ukutani na mkoba wako kifuani, manake punda hajali wewe ni mgeni au ni liwali. Gari hakuna humo ndani, pikipiki zimeanza kuonekana Lamu miaka hii lakini kwenye vichochoro vya mji wa kale mzigo bado ni wa punda na mkokoteni. Na punda wa Lamu wana daktari wao, kile kituo cha Donkey Sanctuary kimekuwepo tangu 1987 na matibabu ni bure. Khalati alipoambiwa hivyo akanyamaza kidogo halafu akauliza na binadamu je.

Sasa nije kwa yule fundi kofia, ambaye kwangu mie amewapiku wote. Alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba yake, miguu ameikunja, kitambaa cheupe mapajani, miwani imeshuka puani. Nkamwamkia "shikamoo ami," akajibu marahaba bila kuinua macho, kisha alipomwona khalati akasogeza mto apate kukaa. Tukakaa. Hakutuuzia chochote, hata hakuuliza tunataka nini, aliendelea na kazi yake. Anachora ua kwa penseli, anatoboa tundu dogo kwa sindano, halafu anazungusha uzi kwenye ukingo wa tundu, mara nyingi nyingi, anavuta, anazungusha, mpaka ukingo unakuwa mgumu na tundu halizibi tena. Kisha anahamia tundu la pili. Ukiisogeza kofia kwenye mwanga unaona mamia ya vitundu vimepangana vikatoa maua na majani. Nkamuuliza hii umeanza lini ami? "Kabla ya Ramadhani." Na tulikuwa tumeshapita Idd zamani. Nkamuuliza bei, akaitaja, na ilikuwa pesa nyingi, na sikuthubutu kusema punguza. Nimeona watu mitandaoni wakilalamika kofia za Lamu ghali, nawaambia nendeni mkakae pale muangalie tundu moja tu linavyoshonwa kisha mrudi kulalamika. Za mashine zipo za bei rahisi, maduka kadhaa wanaziuza, ukizitazama kwa karibu tundu zake zimekaa sawasawa mno na uzi ni laini, utajua tu.

Makubadhi nayo yapo, viatu vya wazi vya ngozi, wengi watakwambia ni kazi ya Siyu kule kisiwa cha Pate na kweli Siyu ndiko kulikosifika kwa ngozi toka zamani. Nlinunua jozi moja. Siku ya kwanza zinauma, usizivae kwenda mbali.

Saa sita na nusu hivi ikaja adhana, na hapa sikiliza kwa makini kama unapanga siku yako: kila kitu kinafungwa. Si kwa dakika kumi, mpaka alasiri. Milango ya maduka inarudishwa, cherehani kimya, njia ile ambayo saa moja iliyopita ulikuwa unajibana ukutani inabakia wewe na paka. Joto la saa nane nalo si mchezo. Wageni wengi wanakuja Langoni saa hizo kwa sababu ziara yao imeisha na hawana la kufanya, wanakuta kumefungwa, wanakwenda kuandika eti Langoni kumepooza. Si kumepooza, ni wewe umekuja watu wamelala.

Sisi tukaenda kula, hoteli ndogo ya ndani si zile za pwani, na hapa nina malalamiko. Menyu kubwa ya kurasa na kurasa, kamba, kaa, pweza, biryani, pilau, ukiuliza hiki hakuna, kile hakuna, mwishoni kuna wali wa nazi na samaki wa kupaka, au maharage. Si ungesema tangu mwanzo bwana. Tukangoja mpaka khalati akaanza kusinzia kwenye kiti. Lakini kilipokuja, jamani. Samaki amechomwa kwanza kwa mkaa, ngozi imekamata, kisha tui zito la nazi na ukwaju na bizari limepakwa juu likakaukia pale pale, ukilivunja ndani nyama nyeupe na unyevu wake. Wali punje moja moja. Pilipili ya kusaga pembeni na ndimu. Maji ya ukwaju baridi. Hasira zote zikaisha, nimekula kwa mkono na nimelamba vidole mbele za watu. Kwa hiyo chakula nyota tano, huduma mbili, na shauri langu ni usiombe menyu, uliza tu "leo kumepikwa nini?"

Baada ya alasiri tukapanda juu kidogo kuelekea msikiti wa Riyadha. Hatukuingia, tulisimama nje kwa adabu zetu tukisikia wanafunzi wanasoma. Huu msikiti ni wa kuanzia kama 1900, ulianzishwa na Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akaja kuishi Lamu mpaka alipofariki 1935, na kilichomfanya akumbukwe ni kwamba alisomesha watu ambao wakubwa wa mji wakati ule hawakuwa wakiwasomesha, watumwa na waliokuwa watumwa na maskini wa Langoni. Mpaka leo wanafunzi wanakuja kusoma pale kutoka nchi mbalimbali, na mwezi wa mfungo sita Maulidi yakifika mji mzima unafurika, watu wanalala mpaka vibarazani. Sasa nirudie yale maneno ya mtembezaji, "huko hakuna mengi". Yaani sehemu inayoleta Lamu watu wengi kuliko kitu chochote kingine katika mwaka iko Langoni, na wewe unanambia ni maduka tu? Nadhani shida ni kuwa Langoni huwezi kukata tiketi mlangoni, na kisichokuwa na tiketi hakiingii kwenye ziara.

Kuanzia saa kumi na nusu maduka yanafunguliwa tena na huo ndio wakati wa kina mama. Buibui kila mahali, watoto wametoka chuoni, salamu haziishi. Khalati alipata maduka ya leso hapo na mimi nikawa si mtu tena, nimegeuzwa mbeba mkoba. Bei za leso ziko juu kidogo kuliko Biashara Street kule Mombasa, si wizi, kila kitu kinachoingia Lamu kimevuka maji kutoka Mokowe kule bara na huyo aliyekivusha anataka chake. Lakini wauzaji wanakupa muda. Anakufungulia leso, anakusomea jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, anakufungulia nyingine, mnajadiliana hili jina linamfaa nani na nani akipelekewa atakasirika, na ukiondoka bila kununua hakununi. Karibu na hapo tukapata msichana anauza vikuba, asumini na rehani zimefungwa pamoja mbichi, khalati akanunua viwili akanibandika kimoja kifuani, na ile harufu iliniokoa baadaye maana inabidi niseme ukweli juu ya mitaro.

Mitaro iko wazi. Inapita pembeni mwa njia, maji machafu ya majumbani yanateremka kuelekea baharini, na mahali pengine imeziba. Ongeza mavi ya punda, ongeza jua. Kama pua yako ni nyepesi utapata shida, na kama unatembea usiku bila tochi mguu wako utaingia. Hili sitalificha kwa sababu ya mapenzi, mji wa sifa kama huu wenyeji wake wanastahili mitaro yenye vifuniko kabla hata hatujazungumzia wageni.

Magharibi. Hapa sasa. Watu wakitoka msikitini majiko yanawashwa, na upande wa Langoni kutoka njia ya ndani mpaka pwani unafuata moshi tu. Mishkaki, viazi karai, bajia, sambusa, kachori, kaimati. Bei za kawaida kabisa, pesa ya soda mbili unashiba. Tulisimama zaidi kwa mama mmoja wa mikate ya mofa, kwa sababu nlikuwa nimesikia sijaona. Tanuri ni la udongo, mdomo juu, mkaa ndani chini. Anachukua donge la unga wa mtama mkononi, analitandaza kwa kiganja kilicholowa maji, kisha mkono wote unaingia ndani ya tanuri mpaka kwenye kiwiko na pap, mkate umebandikwa kwenye ukuta wa ndani. Mkono unatoka. Unaingia tena. Nkamwambia "mama huungui?" akasema "naungua, lakini nimezoea," akacheka na wenzake. Unapewa wa moto, nje umekauka kwa kuungua kidogo, ndani mzito na una uchachu kwa mbali, unauchovya kwenye mchuzi. Wa baridi mimi siupendi, unakuwa mgumu, kwa hiyo kula hapo hapo umesimama.

Kahawa tukanywea kwenye baraza, ile chungu na tangawizi, muuzaji na dele lake na vikombe vinagongana mkononi, tende mbili tatu pembeni. Wanaume wengi vibarazani saa hizo, lakini kwa sababu nlikuwa na khalati tulipewa nafasi na heshima. Mwanamke akiwa peke yake pia hasumbuliwi humo ndani, nimeuliza wengine wakanambia hivyo hivyo. Usumbufu uko pwani, wale vijana wa boti, "sister safari ya jahazi, sister Manda, sister sunset", kila hatua tano mmoja. Ukiingia vichochoro vya ndani mara moja wanakatika, huko watu wana kazi zao.

Nyota basi. Ziara ya asubuhi tatu na nusu, ingekuwa nne na nusu bila lile duka. Ukiichukua, kubalianeni bei kabla, na umwambie waziwazi hutaki kupelekwa dukani. Langoni yenyewe nne, imekosa ya tano kwa mitaro.

Mengine ya haraka: jifunike mabega na magoti, wanaume pia, kaptura za ufukweni ziache Shela, kile kijiji cha ufukweni. Usipige watu picha bila kuuliza hasa kina mama, na ukikataliwa usiibe ya pembeni, wanaona. M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali ila mama wa mofa alitaka pesa taslimu. Ijumaa mchana kumefungwa zaidi, na Ramadhani mchana usitegemee kupata chakula nje ila usiku wake mji haulali. Na mwenye mtoto mchanga, ule mkokoteni wa watoto uache nyumbani, mbebe mgongoni kwa leso, manake ngazi ni nyingi na punda hawezi kurudi nyuma.